Aliyekunywa Petroli Yangu

Naapa kwa miguu yangu miwili, ambayo bado naihitaji, kwamba haya yote ni kweli tupu. Mtaani wananiita Mzee Chumvi, na sababu naijua, lakini safari hii sijatia hata punje. Mkikuta uongo humu ndani, hata ule mdogo wa kusukumia hadithi, nipeni fyekeo nifyeke uwanja peke yangu, nanyi mkae mnitazame.

Mambo yalianza na kifua cha mke wangu, ambaye ana pumu. Msimu wa joto ukifika kwetu, upepo unakata, jua linakaa juu ya mabati kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka, na ikifika mchana hewa inakuwa na rangi ya maji yaliyosuuziwa sufuria. Ukitazama mwisho wa barabara, huuoni. Wengine waliwashwa macho tu wakalaumu vumbi. Mke wangu alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anavuta pumzi kama mtu anayevuta gunia kutoka kisimani.

Mwaka huu binti yetu, anayeishi milimani kwenye baridi, alipiga simu akamwambia mama yake aende akakae kwake. Si kutembea. Kukaa. Mke wangu hakusema ndiyo wala hapana. Alishusha sanduku juu ya kabati, akalipangusa, akalisimamisha karibu na mlango wa chumba, akaanza kulijaza polepole, leo blauzi, kesho viatu. Nilipomuuliza nguo zangu zitakaa upande gani, alisema sanduku ni dogo.

"Nitautazama mwezi huu," aliniambia. "Mchana ukiendelea hivi, nakwenda."

Mimi nimezeeka na mwanamke huyu. Jikoni kwangu sijui hata chumvi inakaa wapi, licha ya jina langu. Nikaona dunia inanihama.

Basi Sista, muuguzi wa zahanati anayekaa nyumba ya ghorofa pale kona, akatuita uani kwake jioni moja. Alisema moshi wa magari, na mvuke wa petroli, wa rangi na wa vitu kama hivyo, vikipanda hewani siku isiyo na upepo, jua linavipika pamoja, na kinachoiva ni hewa kali iitwayo ozoni. Ile iliyo juu kabisa angani inatukinga. Hii ya huku chini, tunayoivuta sisi, inachoma kifua. Mpishi ni jua na hatuwezi kulifukuza, alisema, lakini kuni tunazileta wenyewe, basi tuzipunguze. Alisema na mengine kuhusu mifuniko, ila hapo nilikuwa namsimulia jirani yangu jinsi nilivyowahi kusimamisha treni kwa filimbi ya midomo, kwa hiyo sikuyasikia vizuri.

Hakukuwa na polisi wala faini katika shauri hilo. Kila mtu alijitolea alichoweza. Mama Teksi, dereva wa gari lile jeupe, alisema atazima injini akiwa anangoja abiria, na majirani wanaokwenda njia moja atawachukua pamoja. Fundi Breki wa gereji alisema magari atayawasha asubuhi tu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye kazi yake ni kupulizia magari rangi na jina lake mtaani ni Rangi, alisema bomba lake litalala mchana na makopo yake yatafungwa. Hakuna kuchoma takataka. Petroli tunanunua jua likishazama. Sista akasema redio ikitangaza siku ya joto lisilo na upepo, atatundika shuka la njano barazani kwake juu, kila mtu alione.

Mimi nina mashine ya petroli ya kukatia nyasi, ya pekee mtaani, nimeipa jina Bwana Mkubwa, na ndiyo inayokata nyasi za uwanja wetu pale katikati. Niliahidi kwamba siku za shuka Bwana Mkubwa hatanguruma mpaka jioni. Watu wakapiga makofi. Makofi yana ubaya wake. Yakinipata huwa siketi. Nikauliza, je, akipatikana mtu anayetupiga chenga? Wakanitazama. Nikasema mtu huyo afyeke uwanja wote kwa fyekeo la mkono, msimu mzima wa joto, bila msaidizi. Wakakubali kwa kicheko. Nilipokuwa nasema hayo nilikuwa namtazama shemeji.

Lazima mumjue shemeji huyu. Tangu siku niliyoenda kwao kuposa anasema maneno yangu yapimwe kwanza kabla hayajaingia ndani. Nami humwambia kwamba amepaka rangi magari mengi lakini sura yake ameisahau. Tunapendana hivyohivyo. Hata buti anazovaa kazini nilimpa mimi nilipostaafu kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilitugawia jozi mbili, moja nikabaki nayo.

Sasa, kituo cha petroli kiko mbali, na jua kuzama ndiyo saa yangu ya kiti cha uvivu. Nikajiambia, kwa nini niende kila wiki? Nilikwenda jioni moja tu, kwa kufuata masharti kabisa, nikajaza dumu kubwa la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia, nikalirudisha kwa toroli. Nikaliweka kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba, pembeni kabisa, chini ya dirisha la chumba chetu. Mfuniko wake ulipotea zamani, nikaziba mdomo kwa tambara. Juu nikatupia magunia, maana mke wangu alishanikataza kuweka petroli nyumbani tangu siku ile nyusi zangu zilipoondoka bila kuaga, nami nilimwahidi. Lakini hii ilikuwa kwa faida ya kifua chake, na ahadi nayo ina pembe zake. Nililala usingizi wa mtu mwema.

Shuka la njano likatundikwa. Mtaa ulinyamaza mpaka ukasikia kunguru akitembea juu ya paa. Mama Teksi alizima gari, Fundi Breki akakaa kwenye tairi anapiga mswaki mchana kutwa kwa kukosa la kufanya. Ilipofika alasiri, mke wangu akaanza kukohoa, na alikohoa kuliko siku zote. Kesho yake vilevile. Sista alisema kwa wengine hali ni nafuu, watu hawawashwi macho kama zamani, na yule mpiga chapa mstaafu wa nyumba ya mwisho ameweza kupanda ngazi zake bila kupumzika katikati. Kwetu tu ndiko mambo yalikuwa yanaharibika.

Hapo nikakaa chonjo. Kama mtaa mzima umetulia na kifua cha mke wangu hakitulii, basi kuna mtu karibu yetu anawasha injini kwa siri. Nikaenda stoo kumtazama Bwana Mkubwa, nikafunua magunia, na moyo ukanilipuka. Petroli niliyoijaza mpaka shingoni mwa dumu ilikuwa imeshuka, na mashine sijaiwasha hata mara moja. Nilichora mstari wa mkaa usawa wa petroli. Kesho yake petroli ilikuwa chini ya mstari.

Mambo yakanikalia sawasawa kichwani. Kuna mwizi, ananyonya petroli yangu, anaiunguza mchana mahali karibu, na moshi wake unamwendea mke wangu dirishani. Mtu mmoja, makosa mawili. Ila sikuweza kumshitaki kwa yeyote, kwa sababu petroli yenyewe, kwa ajuavyo mke wangu, haikuwepo.

Nikaamua kutumia pua. Pua hii si ya kawaida. Kiwandani nilikuwa nanusa mche wa sabuni nakwambia ni zamu ya nani iliyouchemsha, na kama msimamizi aligombana na mkewe siku hiyo. Basi kila asubuhi baada ya kulikagua dumu langu, kulitikisa kidogo na kulikaza tambara, nilivaa koti langu nikaenda kunusa watu.

Nilianza na Fundi Breki. Alinuka petroli. Hilo halikunishangaza, fundi asiponuka petroli huyo ni mshona viatu. Nikaenda kwa Mama Teksi, nikajitia naulizia nauli, nikainamisha kichwa ndani ya gari. Petroli. Nikamtembelea mpiga chapa mstaafu, mtu ambaye hana gari, hana jenereta, hana hata kiberiti. Alinipa mkono, nikauinua kwa heshima kama ninaubusu, nikanusa. Petroli tele. Nikasimama pale na mkono wake puani kwangu, yeye ananitazama, mimi namtazama, na ndipo nilipoanza kuogopa.

Maana ilizidi kuenea. Muuza magazeti alinuka. Mlango wa zahanati ulinuka. Nilipomwendea Sista kumwambia naona dalili, yeye mwenyewe alinuka, na nikaikata habari nusu, nikamwambia nilikuja kupimwa presha. Nani angenisaidia kama hata Sista yumo? Nikaanza kuona mengine. Watu walikuwa wananyamaza nikipita. Mama Teksi alikuwa anafungua madirisha yote nikisimama karibu na gari lake. Fundi Breki, aliyekuwa akinisogezea tairi nikae, sasa alikaa juu ya tairi zote mbili. Nikajua mtaa mzima umekula njama, shuka la njano ni mapambo, na moshi wao wote wa siri unapitia dirishani kwangu kumtafuta mke wangu.

Nyumbani sanduku lilikuwa linajaa. Mke wangu alishatia ile sweta ya sufu, ambayo huku kwetu haina kazi. Nilipoiona ile sweta nilitoka nje nikajifanya nimeingiwa na mdudu jichoni.

Nikatega mtego. Nilichukua unga jikoni nikanyunyiza sakafu ya stoo, kuanzia mlangoni mpaka kwenye dumu, mwembamba kama poda. Asubuhi nilifungua mlango nikaenda mbio moja kwa moja kulitazama dumu. Petroli imeshuka tena. Nikageuka kutoka, nikainamisha macho, na nikaziona: nyayo za buti, wazi kabisa, soli yenye meno ya msumeno na nyota kisiginoni. Buti za kiwanda cha sabuni. Mtaani kwetu mtu mwingine mwenye buti hizo ni mmoja tu.

Siwezi kusema nilihuzunika. Nilihisi kama mtu aliyekuta shati lake alilolipoteza.

Jioni ile binti alipiga simu kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama yake. Nikamwomba Sista aite mkutano Ijumaa, nikisema nimempata. Aliniuliza nimempata nani. Nikamwambia asiwe na haraka, nikamtupia jicho ajue kwamba hata yeye sijamfuta.

Walikuja wote uani. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha mbele, kitambaa mdomoni. Nilisimama, nikavuta koti, nikaanza kwa mbali kidogo, kama inavyotakiwa, na habari za pua. Nikaeleza jinsi nilivyomnusa kila mmoja wao na kwamba hakuna aliyetoka safi. Minong'ono ikapita. Mpiga chapa akautazama mkono wake. Kisha nikamnyooshea shemeji kidole, nikasema: huyu hapa, kila usiku ananyonya petroli yangu stoo, mchana anaendeshea bomba lake la rangi, na anayeimeza hewa hiyo ni dada yake wa kuzaliwa naye. Nyayo zake ziko kwenye unga. Nani mwingine ana buti kama hizi?

Shemeji hakukasirika. Hilo lilinitia wasiwasi kidogo. Alitazama buti zake, akatazama zangu.

"Shemeji," aliniuliza, "nyayo ulizoziona zilikuwa za watu wangapi?"

"Mmoja. Nimezitazama vizuri."

"Na wewe ulipokwenda kulitazama dumu, ulipita wapi? Uliruka?"

Kicheko kilianzia kwa Fundi Breki kikaenda mpaka ukutani kikarudi. Mtu mmoja tu hakucheka. Mke wangu alikuwa ameshusha kitambaa.

"Petroli gani?" aliuliza.

Kicheko kikakatika. Nikasema ni petroli kwa jumla, petroli ya kimtaa. Akauliza tena, polepole, kwa sababu pumzi haikumtosha kuuliza haraka.

"Baba watoto. Petroli gani iko stoo?"

Ulimi wangu, ambao umenitumikia miaka yote hii katika kila aina ya hatari, ulilala chini. Mke wangu akainuka, akamwashiria mdogo wake, wakatoka wawili. Sisi tuliobaki tulisikiliza mlango wa mabati ukifunguliwa upande wa pili. Waliporudi shemeji alikuwa amelibeba dumu mbali na kifua, mke wangu amelishika tambara kwa vidole viwili. Jua lilikuwa bado halijazama, na pale mdomoni mwa dumu hewa ilikuwa inacheza, kama inavyocheza juu ya lami saa ya joto. Mke wangu akakohoa. Shemeji akalisogeza mbali zaidi.

"Tambara halizuii kitu," alisema. "Mimi nikisahau kufunga kopo la tina, ile ya kuzimulia rangi, jioni, asubuhi nakuta nusu. Na hilo ni ndani, siyo kwenye mabati ya jua. Mwizi wako ni jua, shemeji. Lilikuwa linakunywa dumu kidogokidogo, na masalia lilimpa dada dirishani."

Sista alisema hayo ndiyo aliyoyaeleza siku ya kwanza kuhusu mifuniko. Petroli haihitaji kuwashwa ili idhuru. Mvuke wake wenyewe unakwenda hewani kuwa kuni za jua, na kwa mtu mwenye pumu aliyelala juu yake, hausubiri hata kupikwa. Kisha akanisogelea, akanusa bega la koti langu, akarudi nyuma. Mpiga chapa akaacha kuutazama mkono wake akaanza kunitazama mimi.

Niliwahi kuumbuka mara nyingi, ni kama kazi yangu ya pili. Huwa nacheka na wanaonicheka tunagawana. Siku ile sikuweza. Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima nikimtafuta anayemkosesha mke wangu pumzi, nikawashuku watu walioacha kazi zao mchana kwa ajili yake, na kumbe huyo mtu nilikuwa nambeba ndani ya koti, na chakula chake nimekiweka chini ya mto wa mke wangu.

Nilimwomba radhi palepale. Alisema ameisikia. Hakusema ameikubali.

Fundi Breki alilimimina dumu kwenye tangi la chuma lenye kifuniko cha kukaza, akalipeleka gereji kwake. Bwana Mkubwa alifungiwa kwa Sista, ufunguo wakampa mke wangu. Halafu shemeji akaleta fyekeo. Alilinoa mbele yangu, taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Masharti uliyaweka wewe," alisema. "Mimi nilipiga makofi tu."

Jumamosi asubuhi binti alipofika, alinikuta uwanjani. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni na fyekeo lilikuwa zito kama reli. Mama yake alikuwa barazani, amelala usiku mzima na dirisha wazi na kukohoa kidogo tu. Sanduku alikuwa amelitoa nje, amelikalia. Binti alimuuliza kama wako tayari kuondoka.

"Subiri kwanza," mke wangu alisema. "Baba yako kaacha nyasi pale pembeni."

Binti alikaa hadi jioni akarudi milimani peke yake. Sanduku limerudi mlangoni mwa chumba, halijapakuliwa. Mke wangu anasema mwezi haujaisha, na kwamba siku za shuka bado kifua kinambana, kwa sababu hewa ya mji mzima haiishii kwenye mtaa wetu. Lakini ile sweta imerudi kabatini. Niliiona kwa macho yangu, na sikumwambia kwamba nimeiona.

Nimempa asome niliyoyaandika. Amesoma kwa miwani na bila miwani. Anasema nyasi hazikunifika kiunoni, zilinifika kifundoni. Anasema fyekeo ni la kawaida, yeye mwenyewe amewahi kulitumia. Anasema kiwandani sikuwa nanusa sabuni, nilikuwa napakia maboksi, na kwamba treni haikusimama kwa filimbi yangu, ilisimama kwa sababu pale palikuwa stesheni. Nimemwambia hizo ni chembe ndogo, za ladha tu. Amenionyesha mstari wa juu kabisa, pale nilipoapa.

Uwanja nimeumaliza jana. Mke wangu ameshika fyekeo mlangoni, na shemeji ameshaleta kiti.